Benchi la Juani

"Hivi wewe, hao watoto unawatembeza au unawaanika?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, msusi, amekaa barazani na kichwa cha mteja katikati ya magoti, kitana kimebanwa kwenye meno. Ilikuwa Jumamosi. Jua lilikuwa limeshapanda, mbwa wa mtaa wamejificha chini ya magari, na mwanamke aliyeulizwa alikuwa anakatiza na watoto wake watatu nyuma yake kama vifaranga. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta. Wala halikuwa sweta la mapambo. Lilikuwa sweta zito la sufu, la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Nawatembeza, dada. Wewe suka."

"Basi uwe unawageuzageuza, wasije wakakauka upande mmoja!"

Mteja alicheka mpaka msusi akamgonga kitana begani ili atulie. Mwanamke naye alicheka, akapunga mkono, akaendelea na safari yake. Alikuwa ameshazoea. Mtaa mzima walimwita Mama Sweta, na yeye aliitikia bila kinyongo, maana hata yeye alijua kwamba mtu mwenye sweta katika mji kama ule lazima asemwe.

Mji wenyewe ulikuwa wa joto lisilo na huruma. Lami ililainika mchana, ukipita na ndala unaacha alama. Nguo zilikauka kabla hujamaliza kuanika za mwisho. Lakini Mama Sweta alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, na huko alipangiwa chumba cha baridi. Kuku wakishanyonyolewa na kukatwakatwa huletwa huko, mahali ambapo pumzi ya mtu inatoka kama moshi wa kuni mbichi. Kazi yake ilikuwa kupanga mapaja na vidari kwenye sahani za plastiki, kuzifunga kwa nailoni na kuzipakia kwenye maboksi. Alivaa soksi juu ya soksi, buti za mpira, koti nene lililojazwa pamba na kofia ya kufunika masikio. Mikononi alivaa glovu za sufu, kisha za mpira juu yake. Hata hivyo baridi ilipenya. Ilianza kwenye ncha za vidole, ikapanda viwikoni, na baada ya miaka kadhaa ikawa haishuki tena. Alitoka nayo kazini, akalala nayo, akaamka nayo. Joto lililowatoa wenzake ulimi, yeye alilisikia kama shuka jepesi alilofunikwa na mtu mwenye huruma.

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Yeye alikuwa fundi wa kuezeka, na wiki nzima alishinda juu ya mapaa, bati linamrudishia jua usoni kama kioo. Siku ya mapumziko hakutaka kuliona jua hata kwa dirishani. Alifunga mapazia, akatandika mkeka juu ya saruji, akajinyoosha mbele ya feni na kufumba macho kama mtu aliyefika peponi. Ile feni ndiyo iliyokuwa kesi ya ndoa yao. Mmoja anaiwasha, mwingine anaizima, mpaka wakapatana iwe inatazama ukuta wa upande wa baba, na mama alale upande wa pili na blanketi lake.

"Mungu ameoanisha barafu na kaa la moto," mume alikuwa akisema.

"Ndiyo maana nyumba yetu ina uvuguvugu," mke alijibu.

Walipendana, wale watu. Nasema hivyo ili ieleweke mapema.

Watoto wao walikuwa watatu. Wa kwanza binti, mrefu, mtulivu, mwenye akili ya mtu mzima. Wa pili mvulana aliyeitwa Redio, kwa sababu lolote alilolisikia alilitangaza. Ndiye aliyemwambia mwalimu wake, mbele ya darasa zima, kwamba baba yake akikoroma paka anahama. Na wa mwisho alikuwa Kibonge, ambaye maneno yake yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kueleweka.

Kibonge ndiye aliyemtoa mama yake nje kila Jumamosi.

Ilikuwa hivi. Mama Sweta aliondoka alfajiri mtoto amelala, akarudi alasiri. Jambo la kwanza kila akirudi lilikuwa kumnyakua kitinda mimba wake. Lakini vidole vilipomgusa tu, mtoto aliruka kama aliyekanyaga chura. "Bayidi!" alilia, akajipindua, akamnyooshea dada yake mikono. Mwanzoni nyumba nzima ilicheka. Kicheko kikaisha, mtoto akaendelea kumkataa mama. Akianguka, mbio kwa dada. Akisikia usingizi, dada. Akiamka, dada.

Mama alijaribu kila alichokijua. Aliloweka mikono kwenye maji ya moto, akaisugua mafuta mpaka ikang'aa, akaipitisha juu ya jiko. Ndani ya muda mfupi ilirudi vilevile. Hakumwambia mtu. Alipokuwa akiosha vyombo aliinamia karai, machozi yakachanganyika na povu, na dua yake ilikuwa fupi: "Mungu wangu, sikuombi makubwa. Nipashe mikono tu."

Siku moja ya mapumziko alikuwa amemaliza kufua, akakaa kwenye ngazi ya mlango, jua linampiga waziwazi. Mikono aliiweka magotini, viganja juu. Jua likaingia, likaingia, mpaka akasikia vidole vyake ni vya mtu. Kibonge akaja akiburuta kopo lake. Akasimama. Akagusa kiganja kimoja kwa kidole, kama anayejaribu maji ya kuoga. Kisha akapanda mapajani mwa mama yake mwenyewe, bila kuitwa, akajilaza kifuani.

Mama Sweta hakuthubutu hata kupumua kwa nguvu.

Tangu hapo hakutaka kusikia lolote juu ya kivuli. Jumamosi ikifika, kazi za nyumbani zilimalizwa mbiombio, watoto wakavishwa, safari ya bustani ya mji ikaanza.

Bustani ile ilikuwa kubwa kiasi, nyasi zake nusu kijani nusu zimekauka. Kulikuwa na bembea za chuma, na mtelezo wa bati ambao mchana ulimwunguza makalio mtu asiyeujua, na bwawa la duara ambalo maji yake yalikauka zamani, watoto wakaligeuza uwanja wa kukimbizana. Miti ilipangwa pembezoni, kando ya ukuta. Chini ya miti hiyo watu walibanana kama sabuni kwenye boksi: mikeka, vikapu, bibi na wajukuu, wachumba wanaojifanya hawajuani. Lakini katikati, mahali pa wazi, palikuwa na benchi moja la saruji ambalo halikuwa na mgombea. Hilo ndilo lililokuwa lao.

"Tazameni," Mama Sweta alikuwa akiwaambia kwa fahari, "watu wote kule wanasukumana, sisi tuna benchi zima. Tumebarikiwa."

"Tumebarikiwa," binti aliitikia.

Kikapu kilifunguliwa. Mikate, mayai ya kuchemsha, machungwa, na chupa ya chai ya tangawizi, ya moto kweli, ya kuunguza ulimi. Siku za mwanzo Redio alimwona muuza barafu akipita na sanduku lake, akavuta sketi ya mama.

"Mama, tununulie barafu."

"Barafu?" Mama alijikunyata mpaka sweta likamfika masikioni. "Mimi nashinda na barafu wiki nzima, halafu siku yangu ya mapumziko niifuate tena na pesa mkononi? Kunywa chai, mwanangu, upate nguvu."

Walicheka wote. Na baada ya hapo watoto hawakuomba barafu tena.

Mama Sweta juani alikuwa mtu mwingine. Nyumbani alikuwa mchovu, sentensi zake nusunusu, macho yanasinzia kwenye sahani. Pale benchini mabega yalimshuka, akaanza kusimulia visa vya utoto wake, akaiga sauti ya msimamizi wao wa kiwandani, akapiga makofi Redio akipanda bembea. Kibonge alikubali kubebwa, kubusiwa na kufutwa mabaki ya yai kwenye shavu. Na jambo lililomfurahisha kuliko yote ni kwamba wale wakubwa nao walimganda. Kila alipogeuka aliona mmoja kakaa nyuma yake kwenye benchi, kajibana mgongoni mwake, mwingine anamngoja mwenzake anyanyuke akae yeye. Akisogea, nao wanasogea. "Watoto wangu hawabanduki," aliwaeleza wenzake kazini, kule ndani ya baridi. "Wengine wakikua wanawaonea aibu mama zao. Wangu wananing'ang'ania kama kupe."

Basi ukaingia ule mwezi ambao mvua ilikataa. Upepo ulikoma. Hata usiku kuta zilitoa joto. Jumamosi moja asubuhi fundi wa kuezeka aliongea kutoka mkekani bila kufumbua macho.

"Leo mngebaki, mke wangu. Jana tulishuka paani kabla ya mchana. Nyundo ilikuwa haishikiki."

"Kwako wewe kila siku ni joto."

"Leo ni kweli."

"Na jana je, ilikuwa uongo?"

Mume alicheka, akageukia feni. Mama Sweta akachukua kikapu.

Bustanini walikuwa wachache, wote wamejazana chini ya miti. Benchi lilikuwa linawangoja. Redio alizunguka bwawa kavu, akarudi, akakaa nyuma ya mama yake. Binti akakaa pembeni, kajifunika khanga kichwani. Kibonge alicheza kidogo na kopo, akalitupa, akaja akapanda mapajani. Hakusema kitu. Akaegemea kifua cha mama, akalegea.

Moyo wa mama ukatulia kwa raha. Mtoto amelala kwake. Wala hakumtafuta dada. Akamwimbia polepole wimbo wa ibada, huku akiyumba mbele na nyuma. Watu wa kule kivulini waliwatazama, wengine wakatikisa vichwa, lakini hakuna aliyesogea. Si rahisi kumwendea mama wa mtu ukamfundisha kulea.

Kisha akamsikia mtoto anatetemeka. Kidogo tu, mara moja, mara mbili.

Mtu aliyeishi miaka kwenye chumba cha baridi, akiona mwenzake anatetemeka anajua jambo moja tu: mfunike. Kule ndani mtu akianza kutetemeka wenzake humvulia makoti, humzungushia magunia, hawangoji kuulizana. Mikono ya Mama Sweta ilifanya kazi yake kabla ya kichwa. Akavua sweta lake, akamfunika Kibonge toka kichwani mpaka miguuni, akamkumbatia.

"Mama," binti akaita.

"Shh. Amelala."

"Mama, hajalala."

"Nyamaza, utamwamsha."

"Mama, mfunue!"

Yule binti hakuwahi kupaza sauti tangu azaliwe. Alilivuta sweta kwa mikono miwili. Uso wa Kibonge ulikuwa mkavu, hauna tone la jasho, midomo kama karatasi. Macho yalikuwa nusu wazi na hayamtazami mtu. Mama alimtikisa. Kichwa kikaenda kilikokwenda.

Hapo ndipo Mama Sweta alipopiga yowe.

Mtunza bustani alikuwa upande wa maua na mpira wa maji. Akauburuta mbio, maji yanaruka ovyo. Kule kivulini wote walisimama kwa mpigo. "Mlete huku! Mlete huku kivulini!" Mama mmoja mnene aliwasukuma watu wake mwenyewe, wajomba kwa mashangazi, "Pisheni! Ondoeni vyungu vyenu, pisheni mtoto!" na mahali pasipokuwa na nafasi ya kuweka kikombe pakapatikana nafasi ya mtoto kulala. Wakamvua nguo. Maji yakapita kichwani, kwapani, miguuni. Mtu alimpepea kwa mfuniko wa ndoo. Mama Sweta alipiga magoti kwenye tope, meno yanagongana, na wanaoijua sauti yake ya upole wasingeitambua.

"Mungu wangu, siyo huyu. Siyo kwa mikono yangu. Mungu wangu, nirudishie."

Kwanza vidole vya miguu vilikunjika. Kisha Kibonge akavuta hewa kwa kelele, akafumbua macho, akaona watu wasiojulikana wamemwinamia na maji yanamwingia puani. Akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti yote, akipiga mateke.

"Analia!" yule mama mnene akapiga kigelegele. "Lia, baba, lia! Tukana hata mimi, nakuruhusu!"

Mama Sweta akaangusha paji la uso chini kwenye nyasi zilizolowa, akabaki pale.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mtunza bustani alimbeba mtoto, mama nyuma, binti amemshika Redio mkono, yule mama mnene amebeba kikapu chao na kumpigia simu baba yao kwa namba aliyotajiwa na binti. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka, mwenye mikono inayojua inakokwenda. Alimpima mtoto, akamlaza kwenye chumba chenye dirisha la kivulini, akakoroga maji yenye chumvi na sukari, akampa mama kijiko.

"Kidogokidogo. Akitapika, tunaanza tena. Usiogope."

Kijiko kikaingia. Kijiko kikaingia tena. Baba akafika akihema, shati limefungwa vifungo upandeupande, amevaa ndala za mkewe. Alisimama mlangoni, akamwona mwanawe amekaa mapajani mwa mama anameza maji, akajishikiza kwenye fremu ya mlango. Mama Sweta hakumtazama.

Muuguzi aliuliza taratibu, bila kukaripia, "Mama, wewe mwenyewe hukusikia joto leo?"

"Sikusikia."

"Hata kidogo?"

"Wallahi sikusikia. Nafanya kazi kwenye baridi. Mimi nilidhani..." Muuguzi akalitazama lile sweta lililolowa kwenye kiti, akaelewa, akamwekea mkono begani na hakuuliza zaidi.

Wakati huohuo Mama Sweta alishtuka, akaangalia sketi yake. Majimaji ya uvuguvugu yalikuwa yanasambaa.

"Amenikojolea," alisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

"Amekukojolea? Mengi?" Muuguzi akaja mbio, akainama, akachungulia kwa furaha kama aliyeletewa zawadi. "Mengi! Hongera, mama. Hiki ndicho nilichokuwa nakingoja. Sasa hata mimi natulia."

Baba akacheka. Kilimtoka tu, kicheko kilichochanganyika na kwikwi, na binti naye akaanza, na Redio, na Mama Sweta akiwa amelowa mapaja akacheka huku machozi yanamdondoka kidevuni. Kibonge aliwatazama wote, akafungua mdomo. Anataka kijiko kingine.

Waliruhusiwa kuondoka jua lilipopoa. Msusi alikuwa amesikia. Alikuja na ndizi mbivu, akamshika mtoto shavu, akasema "Pole, mama," na siku hiyo hakutania.

Lakini ndani ya Mama Sweta kulikuwa na jambo lililokuwa halijatulia. Alimlaza Kibonge karibu na feni, akaigeuza mwenyewe imwelekee mtoto, kisha akakaa kwenye kigoda akamkabili mumewe. Aliogopa, na alichokiogopa alikijua vizuri: ile Jumamosi yake. Siku pekee ambayo alikuwa mama wa kushikwa.

"Sema," alimwambia. "Sema nisiwatoe tena. Una haki."

Fundi alisugua vidole vyake vigumu. Kabla hajafungua mdomo, Redio akalipuka kilio.

"Siyo kosa la mama! Ni kosa langu! Leo ilikuwa zamu ya Kibonge na mimi nikakaa!"

"Zamu ya nini?"

"Ya kivuli."

Wazazi wakatazamana.

"Kivuli gani, mwanangu?" mama akauliza.

"Chako." Redio alifuta kamasi kwa mkono. "Pale benchini hakuna kivuli isipokuwa chako. Tunakaa nyuma yako kwa zamu. Dada ndiye anayepanga. Leo Kibonge alikuwa aje nyuma, lakini alipanda mapajani, na mimi nilikuwa nasikia joto sana, nikakaa tu, nikakaa..."

Mama Sweta aligeuka kwa binti. Binti alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnasikia joto."

"Ndiyo, mama."

"Siku zote?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nilidhani mnanikumbatia!"

"Tulikuwa tunakukumbatia pia," Redio akasema haraka, kama anayeogopa asije akanyang'anywa na hilo.

"Kwa nini hamkuniambia? Wewe ni mkubwa. Kwa nini?"

Binti alicheza na pindo la khanga. "Ukiwa kule unacheka, mama. Huku nyumbani huchekagi. Tuliahidiana tusiseme, ili usiache kwenda."

Feni iliguna. Fundi alikuwa anamtazama mvulana wake kwa mshangao mtupu.

"Redio," alisema. "Wewe? Wewe ulikaa na siri?"

"Ilinisumbua tumboni, baba."

Hapo mbavu zikavunjika upya. Fundi alicheka mpaka akalala chali mkekani, akafunika uso kwa kiganja, na alipokiondoa kiganja macho yalikuwa mekundu. "Na mimi," alimwambia mkewe, "nililijua joto la leo. Nililijua kuliko wote. Nikakuambia nikiwa nimelala, halafu nikageuka ubavu. Kama ni kosa, hata mimi ninayo sehemu yangu. Kwa hiyo sisemi usiwatoe. Nasema tutatoka wote, na saa nitachagua mimi ninayelijua jua."

Mama Sweta alijibu "Haya" moja tu, lakini pumzi aliyoishusha baada yake ilikuwa ndefu, na mabega yake yalishuka kama yanavyoshuka ya mtu akiweka ndoo chini.

Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alijificha jikoni. Alisugua sufuria lililokuwa safi. Aliogopa mlango wake mwenyewe. Saa za mchana zikapita, kivuli cha nyumba kikarefuka mpaka ng'ambo ya njia, fundi akanyanyuka mkekani kwa hiari yake, jambo ambalo halijapata kutokea, akaukunja mkeka na kuutia kwapani. Binti akajaza chupa maji badala ya chai. Kibonge akaja jikoni amevaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, akashika sketi ya mama na kuivuta kwelikweli.

"Bembea."

"Nenda na baba."

"Bembea na mama."

Akamtazama. Shavu limejaa, jicho linang'aa, pua inatoka kamasi ya afya njema. Akakausha mikono, akasema moyoni, ahsante Mungu, akamfuata.

Bustanini fundi alizunguka akikagua kama anayepima paa, akachagua mahali ambapo kivuli cha mti kinakomea. Akatandika mkeka nusu ndani, nusu nje. "Watu wa jua huku," alitangaza, "watu wa akili huku." Mama Sweta alikaa upande wake, jua la jioni likamlazia mkono begani, la upole, lisilomdhuru mtu. Watoto wakakaa upande wa pili, karibu kiasi cha kugusana magoti. Yule mama mnene aliwapungia kutoka chini ya mti wake. Redio alikuwa ameshapewa barafu na baba yake na midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Kibonge aliruka toka kivulini akaja kwa mama, akajitupa mapajani. Mama Sweta alimpokea, akampapasa shingoni, akaangalia kama jasho lipo. Lilikuwepo. Lakini alijua kiganja chake hakiaminiki. Akawaita wote watatu wamtazame, akamshika binti mkono mmoja na Redio mkono mwingine.

"Wanangu, nawaomba jambo moja. Mwili wangu haulisikii joto tena, mimi siwezi kujua. Mkilisikia ninyi, niambieni. Hata kama nacheka, niambieni."